Kihamba cha Baba, Kilema

Wachaga wa Dar es Salaam hawaulizwi Krismasi wataila wapi. Desemba ikikaribia katikati, mabasi ya Moshi hujaa, na miongoni mwa abiria hao, tangu utotoni, amekuwamo mwanamke mmoja wa Kinondoni ambaye baba yake alizaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Miaka ya 1980, kwenda Kilema kulikuwa kwenda kwenye kahawa. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kilijaa migomba, chini yake mibuni, kisha maharage na magimbi, na maji ya mfongo, mfereji wa umwagiliaji, yakipita pembeni kwa zamu walizopangiana majirani. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda mibuni hapo Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1933 wakulima wakaunda KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Ada ya shule ya baba ilitoka kwenye kahawa hiyo. Babu alimfundisha mjukuu kuchuma: tunda jekundu tu, ulisokote taratibu, kikonyo kibaki kwenye tawi.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika. Bei ikaporomoka, watu wakang'oa mibuni. Kila mjukuu huyo alipopanda mlimani alikuta mibuni imepungua na nyumba za vigae zimeongezeka, nzuri kweli, lakini zimefungwa mpaka Krismasi nyingine. Hilo lilimuuma kuliko bei yenyewe: shamba lililosomesha watoto sasa linasubiri misiba.

Lipo badiliko moja linalomfurahisha. Kwa mila, kihamba kilirithiwa na wana wa kiume. Mabinti waliolewa wakaenda zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ila vikao vya ukoo havikuipokea kwa siku moja.

Baba yake alipofariki na kuzikwa, ukoo ulikaa uani, kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikizunguka. Baba mdogo akamgeukia yeye, binti wa marehemu.

“Na wewe, mama, unasemaje?”

Shangazi zake hawakuwahi kuulizwa hivyo. Akasema anautaka ukanda wa juu, kando ya mfongo, arudishe kahawa. Wakabishana hadi jioni, wakampa. Masale yakapandwa mpakani, na mwezi wa tatu, masika yakinukia, akaomba likizo kwenda kuchimba mashimo ya miche.