Mwacheni Mzee Amalize

Ndugu zangu wa nyumbani,

Jumapili usiku mpwa wangu wa Morogoro alinitumia mahojiano na mzee mmoja aliyepuliza saksafoni enzi za dansi. Nikatulia na chai yangu, nje theluji inaanguka. Mzee akaanza: "Siku ile tunapanda treni kwenda Dar, saksafoni nimeifunga kwenye kanga ya mama..." Mtangazaji akamkata: "Hilo tutalirudia, mzee wangu. Kwanza tuambie, una watoto wangapi wa nje?" Hawakulirudia. Kanga ya mama haikutajwa tena hadi mwisho. Nililala na hasira na nimeamka nayo.

Hapa Chicago aliishi mtu akiitwa Studs Terkel, aliyehoji watu kwenye redio ya WFMT kuanzia 1952 hadi 1997. Hakuwa bubu, alipenda kuongea kama sisi. Lakini kila alichosema kilimrudisha mgeni kwenye habari yake mwenyewe. Aliketi na wanamuziki na waandishi wakubwa, kisha akaenda kwa mchimba makaburi, mhudumu wa mgahawa na mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, akawauliza kazi zao zikoje. Hao ndio waliojaa kwenye kitabu chake cha 1974, Working. Kanda zake nyingi zinasikilizwa bure mtandaoni. Mimi huzisikiliza kwenye treni ya alfajiri, na mara mbili nimepitiliza kituo.

Kwa wenzetu wa huku Marekani, kipindi ni cha mgeni. Kwetu kipindi ni cha mtangazaji: yeye ndiye mwenye vichekesho, yeye ndiye mwenye kicheko, na mgeni ameitwa kumshangilia. Nawapenda watangazaji wetu. Hakuna watu duniani wenye ulimi mtamu kama wao. Ndiyo maana inaniuma.

Sikilizeni podikasti ya Chris Gethard iitwayo Beautiful/Anonymous, iliyoanza 2016. Mtu asiyetaja jina anapiga simu, wanaongea saa nzima, na Gethard haruhusiwi kukata kwanza. Mkitaka kuona subira inavyozaa, anzeni hapo. Halafu Ear Hustle, ya tangu 2017, iliyoanzia ndani ya gereza la San Quentin, California. Earlonne Woods aliianzisha akiwa bado mfungwa, pamoja na msanii Nigel Poor aliyekuwa akijitolea mle. Wanauliza mambo madogo: unaishije na mwenzako katika chumba ambacho mkisimama wawili mnagusana? Woods alipunguziwa kifungo 2018, akatoka, na kazi ikaendelea. Na msidhani haya ni ya huku tu. Adelle Onyango wa Nairobi anayo Legally Clueless, ambamo watu wa kawaida wanasimulia maisha yao bila kuharakishwa. Wangapi kati yenu mmeisikia? Vipande vya ugomvi wa wasanii mnanirushia kila siku.

Pakueni vipindi mkiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya kazini, bando msiliguse. Kiingereza kikiwakimbia, punguzeni kasi. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo. Na mkiona kipindi cha kwanza kinakwenda polepole, vumilieni dakika kumi.

Ila kusikiliza peke yake hakutoshi. Mwaka 2003 mradi wa StoryCorps uliweka kibanda cha kurekodia ndani ya stesheni ya Grand Central, New York: watu wawili wanaojuana walikuwa wakiingia, wakiongea dakika arobaini, na sauti zao zikihifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mjukuu na bibi, basi. Nyinyi bibi mnaye hapo uani, simu mnayo mkononi, na mnaposti chakula!

Mpwa wangu, hii ni yako. Jumamosi zima feni, zima data, weka simu juu ya mto karibu na bibi yako, sio mezani, meza inapiga kelele. Usimuulize "maisha yalikuwaje". Muulize alivaa nini siku aliyoletwa Morogoro akiwa mwali. Akinyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Akisema "basi tu", hesabu tena. Ukimaliza nitumie kanda nzima, pamoja na kukohoa kwake na jogoo wa jirani. Usikate kitu.

Mjomba wako