Sahihi ni ya Mwenye Mwili

Mimi ni muuguzi mkunga katikati ya Dar es Salaam. Akina mama wanaofanya biashara Kariakoo hutuletea mabinti zao wenye ulemavu wa akili, wakishavunja ungo tu. "Sista, mfungeni kizazi. Alfajiri mimi niko sokoni, nyumba ni ya kupanga, wanaume wanapita. Akibebeshwa mimba nitafanyaje?"

Mama huyu hana roho mbaya. Ana hofu, na hofu yake ina sababu. Lakini namwuliza: mirija ikishakatwa, mwanamume huyo atazuiwa na nini? Atabaka vilevile, tena bila tumbo la kumuumbua. Tangu mwaka 1998 sheria yetu ya makosa ya kujamiiana inampa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30. Basi twende kwenye dawati la jinsia polisi, tumtafute na mtu mwaminifu wa kushinda na binti.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 23 inawalindia uwezo wao wa kuzaa, watoto wakiwemo. Nao madaktari wa uzazi duniani, kupitia shirikisho lao la FIGO, waliandika mwaka 2011 kwamba ridhaa ya kufunga kizazi ni ya mwanamke mwenyewe. Haitolewi na mume, mzazi wala mlezi, na asiombwe akiwa kwenye uchungu.

Hilo la uchungu nimelishuhudia. Mwanamke kiziwi anapelekwa kujifungua kwa upasuaji, na dada yake anashikishwa fomu asaini "na mirija humohumo". Mkalimani wa lugha ya alama hakuitwa. Nilimpa mgonjwa karatasi na kalamu. Akaandika kwamba anataka kuzaa tena.

Kwa binti mwenye ulemavu wa akili kazi ni ndefu zaidi. Nakaa naye peke yake, kwa picha na maneno mepesi, siku tofauti, na wengi huelewa kuliko nyumbani wanavyodhani. Asipoelewa kabisa, tunaweza kujadili njia ya muda, kijiti au sindano, huku tukiendelea kumuuliza. Operesheni ya kudumu, hapana.

Ninachokidai ni kidogo: kwenye fomu ya kufunga kizazi ifutwe nafasi ya sahihi ya ndugu, na mahali pake liandikwe jina la mkalimani, au la mhudumu aliyemweleza mwanamke mpaka akaelewa.