Visoda Ishirini na Vinne

Huenda utashangaa kuona karani wa parokia, ambaye kazi yake ni vitabu vya ubatizo na stakabadhi, anaandika juu ya michezo. Mimi mwenyewe nisingalifikiri jambo hilo kama si shilingi elfu nne zilizopotea nyumbani kwangu hapa Litapunga, mwaka jana wakati wa mvua.

Fedha hizo zilikuwa za kusagia mahindi na kununua sabuni. Mke wangu aliziweka chini ya kopo la chumvi. Kwanza tulimshuku mtoto wa jirani, jambo ambalo hata leo naona haya kulisema. Baadaye ikajulikana kwamba aliyezichukua ni kijana wetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, na tukaambiwa kuwa zote zimeishia katika ile mashine ya kamari ambayo vijana huiita bonanza. Sheria ya nchi inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria haikai mlangoni pa kila duka. Nilimchapa. Nakuambia ukweli, nilimchapa sana. Siku tatu baadaye akaonekana pale pale tena, safari hii amesimama tu akiwatazama wenzake. Nilipomwuliza anatazama nini, akanijibu, "Baba, nyumbani hakuna kitu cha kufanya."

Nikafikiri atakuwa mkaidi. Lakini usiku nikahesabu jioni zetu zilivyo: chakula, sala, kulala, na kati ya chakula na sala baba yao anatazama simu. Mtoto hakusema uongo.

Basi nikaanza na bao, kwa sababu halina gharama hata ya senti moja. Unachimba mashimo ardhini chini ya mwembe, safu nne, kila safu mashimo manane. Kete ni sitini na nne. Watu wa pwani hutumia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Sisi wa huku tuliokota kokoto kando ya barabara, na watoto wakazichagua zilizolingana kwa muda wa siku mbili, na huo nao ukawa mchezo.

Hapo nilifanya kosa, nami nalisema ili wewe usilirudie. Niliwafundisha bao lenyewe la wakubwa tangu siku ya kwanza. Kila mchezaji anaweka kete sita katika nyumba, kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kuume, na ishirini na mbili anabaki nazo ghalani. Kisha huja namua, ambapo kila zamu unaingiza kete moja ya ghalani. Ghala likiisha ndipo huja mtaji. Tena kuna habari ya kichwa na kimbi, na lini unaruhusiwa kulala na lini huna budi kuendelea. Jioni ya pili watoto wote walikuwa wamekimbia, nikabaki mimi na mashimo yangu. Chuoni tulifundishwa miaka miwili kwamba mwalimu huanza na jambo jepesi, halafu ndipo aende kwenye zito, na mimi cheti ninacho kabatini! Nikarudi nyuma, nikaanza na bao la kujifunza: kete mbili mbili katika kila shimo, hakuna ghala, hakuna namua. Anayemaliza kete za safu yake ya mbele, au asiye na pa kwenda, ameshindwa. Kwa bao hilo hata binti yangu wa miaka tisa alinifunga wiki ile ile. Bao kubwa lilikuja lenyewe baada ya miezi miwili, tena kwa kuombwa na wao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, wala sidhani kuwa naye alianza na namua.

Mvua ilipozidi tukaingia ndani, na ndani tukatengeneza drafti. Ubao wake ni upande mmoja wa boksi la sabuni. Nilipiga mistari kwa rula, na watoto wakapaka mkaa katika vyumba vya kukolea. Kete ni visoda ishirini na vinne, tulivyopewa bure na mama muuza soda: kumi na viwili vimelala kifudifudi, kumi na viwili chali. Kingi huvikwa kisoda cha pili juu yake. Naomba tu mkubaliane sheria kabla hamjaanza: je, kula ni lazima? Je, kingi anakimbia mbali au anakwenda hatua moja moja? Hapa kwetu kingi hukimbia. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakinuniana juu ya jambo hilo.

Karata nilizinunua Mpanda mjini kwa shilingi elfu mbili, na hiyo ndiyo gharama kubwa niliyofanya. Dadu haikunigharimu kitu, kwani fundi seremala alinipa kipande cha mninga alichokwisha kukitupa. Nilikisugua kwa msasa na kutoboa alama kwa msumari wa moto. Lakini dadu hiyo ilinileta mbele ya mzee mmoja wa jumuiya yetu. Akaniambia, "Bwana karani, mtoto wako ameponea kidogo kwenye kamari, nawe unamletea dadu nyumbani?" Swali lake lilikuwa la haki, wala sikulidharau. Nilimjibu kwamba kamari ni ile fedha inayowekwa, na dadu ni mti tu. Nyumbani kwetu hatuwekeani hata karanga. Hakuridhika sana, ila alikaa akatazama, na kabla hajaondoka alikuwa amekwisha kumwonyesha kijana jinsi ya kula kete tatu kwa mpigo mmoja.

Sasa nifike kwenye mchezo ulionifanya nishike kalamu.

Chuoni tulikuwa na mbinu ya kufundishia iitwayo igizo dhima. Mwanafunzi anapewa nafasi ya mtu mwingine, daktari au mwenyekiti wa kijiji, naye anatakiwa aseme na kutenda kama mtu yule. Nilidhani ni jambo la darasani tu. Kumbe huko Marekani, mwaka 1974, mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo mzima wa namna hiyo, uitwao Dungeons & Dragons. Watu huzunguka meza, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inayoamua. Wanazo hata dadu za pande ishirini, na vitabu vikubwa vya bei. Lakini ukiutazama vizuri, ni ndugu yake ule wa baba na mama ambao watoto wetu huucheza nyuma ya nyumba kwa vifuu na majani.

Sisi tulitumia daftari moja na dadu yetu ya pande sita. Hadithi ya kwanza niliitoa njiani: lori linalotoka Mpanda kwenda Sumbawanga limeharibika mbele kidogo ya Sitalike, jua linakuchwa, na Mto Katuma hauko mbali, wenye viboko na mamba. Mmoja ni dereva, mmoja utingo, mmoja mama mwenye mtoto mgonjwa, mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Kila mmoja aliandika katika daftari mambo mawili tu: ana nini, na anaogopa nini. Mimi nasimulia, wao wananiambia wanafanya nini. Dadu ikionyesha moja au mbili, jambo limeshindikana. Tatu au nne, limefaulu lakini kwa hasara. Tano au sita, limefaulu. Binti yangu, ambaye ndiye utingo, aliamua kumfukuza kiboko kwa kupiga sufuria. Akarusha dadu, ikatoka moja. Tulicheka mpaka mke wangu akaja kutazama kuna nini, na jioni iliyofuata mama mwenye mtoto mgonjwa alikuwa yeye.

Usidhani kwamba mchezo wa namna hii ni wa kuchekesha tu. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wakaigiza pamoja habari ya wasichana kupata mimba wangali shuleni, jambo ambalo watu walikuwa wakilinong'ona. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, nami nikajiona hodari. Nikaamua kutoa hadithi ya nyumbani: fedha za kusaga zimepotea. Kijana wangu nikampa nafasi ya baba. Mimi nikawa mtoto.

Alisimama. Akavuta kanga ya mama yake iliyokuwa kitini, akaikunja kama mkanda, akaipiga mara moja kwenye kiganja. Kisha akasema kwa sauti yangu, sauti yenyewe kabisa, hata kile kikohozi changu: "Mimi sitaki maelezo."

Wadogo walicheka. Mke wangu akatazama taa. Mimi, niliyekuwa mtoto, ilinipasa kujibu, nikatafuta neno nisilipate, maana mtu aliyekwisha kukataa maelezo utamwambia nini? Nikaomba dadu, tuone kama baba atasikiliza. Nikarusha. Ikatoka mbili.

Kijana akaitazama ile dadu kwa muda mrefu. Kisha akaiokota, akanirudishia mkononi, akasema, "Rusha tena."

Siku ya pili yake tulikwenda pamoja kuteka maji, na ndipo akanieleza asiyoulizwa. Fedha alizoziingiza mwenyewe katika mashine zilikuwa shilingi elfu moja. Zile elfu tatu alimlipa kijana mkubwa aliyekuwa akimkopesha sarafu tangu mwezi uliotangulia, na ambaye alimtishia. Hayo yote angaliweza kuniambia siku ile ya kwanza. Jioni tukaenda wote wawili kwa jirani, kuomba radhi kwa kumshuku mwanawe. Mama yule alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, wala hakutukaribisha ndani. Hakika hakuwa na deni la kutukaribisha.

Sitakudanganya kwamba kijana hajakanyaga tena pale dukani. Alionekana mara moja, miezi miwili baadaye, naye alikuja kuniambia mwenyewe kabla sijaambiwa na watu. Nilikuwa na maneno mengi, lakini nikamwacha kwanza amalize ya kwake.

Mtoto wa jirani sasa huja kwetu kila Jumamosi. Ni bingwa wa drafti, mwepesi wa kula na mkali wa sheria. Hivi ninavyoandika ameketi upande wa pili wa boksi, ananiharakisha nimalize barua yangu, kwani zamu ni yangu na visoda vilivyonibakia ni vinne.