Waliorudi Mmoja Mmoja

Nilikwenda Marekani kusoma mwaka 1985. Posho ya masomo haikutosha, kwa hiyo jioni nilifanya kazi katika gereji ya pikipiki upande wa Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Mwenye gereji alikuwa amepigana Vietnam. Ijumaa usiku mlango wa mbele ulifungwa, wa nyuma ukafunguliwa, na wenzake wakaingia na Harley-Davidson zao: wanaume wa miaka arobaini hivi, weusi kwa weupe, wamevaa vizibao vya ngozi vyenye nembo ya klabu mgongoni. Klabu nyingi za pikipiki za nchi ile enzi hizo hazikuchanganya rangi. Hii ilichanganya, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwa nini.

Swali lao la kwanza kwangu lilikuwa kama nimewahi kuwa jeshini. Niliwaambia nimepita JKT kwa mujibu wa sheria, kama vijana wengine wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita siku zile. Wakatikisa kichwa kwa heshima ya kiasi. Niliposema kaka yangu alipigana vita vya Kagera, wakavuta viti. Walitaka kujua alirudije.

Niliwasimulia nilichokiona Bukoba mwaka 1979: malori yanapita mfululizo, askari wamesimama ndani wanaimba, kina mama wanapunga khanga, sisi watoto wa shule tunakimbia nyuma hadi pumzi zikatike. Kaka alirudi na wenzake walewale alioondoka nao. Mwenye gereji alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi Jumanne nilikuwa vitani. Alhamisi nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama. Peke yangu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapo ndipo penye chanzo cha klabu. Jeshi la Marekani liliendesha vita vya Vietnam kwa zamu ya mtu mmoja mmoja. Askari wa kawaida alipewa miezi 12, marine miezi 13. Alifika akajaza nafasi ya aliyekufa au aliyemaliza zamu, katikati ya watu asiowajua. Alipoanza kuwazoea, siku zake ziliisha, akapanda ndege na kuwaacha wenzake kulekule. Nyumbani vita vilikuwa vimegawa watu, na wengi walivua sare haraka ili wasiulizwe. Madaktari wa akili wa Marekani hawakuyaingiza rasmi maradhi yanayotokana na mishtuko ya vita kwenye mwongozo wao hadi mwaka 1980. Miaka yote kabla ya hapo, mtu aliyeruka kitandani usiku akitafuta bunduki alijiona kichaa.

Kwa hiyo walijiundia kikosi upya, na wakakiunda kijeshi. Palikuwa na rais, makamu wake, mtunza nidhamu, na nahodha wa barabara aliyepanga njia, vituo vya mafuta na nani aendeshe nyuma ya nani. Mgeni alianza kwa kuleta DD 214, karatasi anayopewa askari wa Marekani akiachishwa jeshi. Bila karatasi hiyo mazungumzo yaliishia mlangoni, maana waongo waliojipachika vita wasivyopigana walikuwa wengi. Akipita hapo alikuwa prospekti, yaani kuruta kwa maana yetu ya JKT: analinda pikipiki wenzake wakila, anaitwa saa nane za usiku kwenda kumchukua mtu aliyelewa, anaitika. Nilidhani ni uonevu. Baadaye niliona kwamba zile simu za saa nane ndizo zilizokuwa mtihani wenyewe, kwa sababu baadhi ya watu waliopiga saa hiyo hawakuwa wamelewa, ila walikuwa na bastola mezani. Klabu ilitaka kujua nani ataamka.

Kura ya kumpokea mtu ilipigwa na wote. Nembo aliyoshonewa haikuwa mali yake. Akitoka, inarudi klabuni.

Mwaka 1988 zikaja habari kutoka New Jersey. Wastaafu wawili wa Vietnam, Ray Manzo na Artie Muller, walikuwa wanaita pikipiki zije Washington wikiendi ya Memorial Day, mwisho wa Mei, kuishinikiza serikali iwatafute wafungwa wa vita na askari waliopotea. Baada ya mkataba wa Paris wa 1973 walirudi wafungwa 591, lakini wengine zaidi ya 2,500 hawakujulikana walipo. Msafara ukaitwa Rolling Thunder, jina la kampeni ya kuidondoshea mabomu Vietnam Kaskazini kati ya 1965 na 1968.

Nilikuwa nyuma ya msafara, nikiendesha pikapu ya gereji iliyobeba vipuri na maji. Zilikusanyika pikipiki zipatazo 2,500 kwenye maegesho ya Pentagon, bendera nyeusi za wafungwa na waliopotea zikipepea nyuma ya viti, kisha zikavuka daraja la Memorial kuingia mjini. Usukani ulitetemeka mikononi mwangu. Watu waliokuwa kando ya barabara walipiga makofi, na nikamwona mtunza nidhamu wetu, mtu mkali kuliko wote, analia huku ameshika klachi.

Tuliishia kwenye Ukuta, ule mnara wa itale nyeusi uliozinduliwa mwaka 1982, uliosanifiwa na Maya Lin alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21. Majina zaidi ya 58,000 yamechongwa pale, bila vyeo na bila kufuata alfabeti. Yanafuatana kwa tarehe ya kudhurika, kwa hiyo walioanguka siku moja wako pamoja. Mwenye gereji hakuhitaji kitabu cha kutafutia majina. Aliijua tarehe, akaenda moja kwa moja. Kwenye kila jina kuna alama: almasi kwa aliyethibitika kufa, msalaba kwa aliyepotea. Mabaki yakitambuliwa, msalaba huchongwa kuwa almasi. Kwa miaka niliyoishi kule, kila klabu iliposikia msalaba umegeuzwa, walikwenda kuutazama.

Rolling Thunder ilifanya msafara wake wa mwisho wa kitaifa Washington mwaka 2019, na chama cha wastaafu cha AMVETS kikaurithi. Wenyeji wangu wa Ijumaa wengi wamekufa, baadhi kwa saratani zinazohusishwa na Agent Orange, ile dawa ya kupukutisha majani iliyomwagwa misituni. Nafasi zao zimeshikwa na waliopigana Iraq na Afghanistan. Hawa ndio walionitatiza. Wao walikwenda na vikosi vyao, wakarudi navyo, wakapokewa na watu wenye bendera. Sikutegemea wahitaji klabu, na bado wamejaa. Chama kimoja tu, Combat Veterans Motorcycle Association, kilianza mwaka 2001 na kina matawi nchi nzima. Kumbe hata kikosi kilichorudi pamoja huvunjika siku karatasi inapotolewa. Kaka yangu, pamoja na malori na nyimbo zote zile, alirudi kwenye migomba yake, na hadi leo haupiti mwezi hajapanda basi kwenda kumjulia hali mwenzake wa Kagera.

Kabla sijarudi Tanzania, kijana mmoja mgeni klabuni aliuliza kwa nini mimi, niliyezika nao watu wengi hivyo, sina nembo. Mzee mmoja alimjibu kwamba kupenda klabu ni jambo moja na kustahili kura ni jingine, kisha akaniagizia chakula. Nilimuunga mkono wakati ule, na ningemuunga mkono leo.