Jina la Mama

Lori lilipomgonga kaka kule Ohio, kesi iliisha kwa makubaliano: alipwe kila mwezi maisha yake yote, na miaka 20 ya kwanza ina uhakika. Yaani akifa mwaka wa 8, miaka 12 iliyobaki analipwa mnufaika aliyemwandika. Akivuka 20 ndipo afe, malipo yanakoma naye.

Kodi ya mapato haiigusi hela hiyo. Ila ni ngumu kama jiwe: ukishasaini huwezi kuomba waongeze mwezi huu, hata kama paa linavuja. Wapo wanaonunua malipo hayo kwa taslimu, kwa hasara kubwa kwako, na lazima jaji aridhie.

Cha kubadilika kwake kilikuwa jina tu. Aliandika la mama, na mama tulimzika Tanga mwaka jana.

"Kaka, weka la mwanao," nikamwambia. "Au wagawe kwa asilimia."

"Nimfute mama kwa kalamu, mdogo wangu?"

Nikakosa jibu. Fomu mpya nilimjazia kila kitu, nikaacha mstari ule mmoja. Bado iko juu ya friji, chini ya chupa ya dawa zake.