Barua kutoka Chicago: Ushuru wa Maegesho Uingie Mfuko wa Nani?

Ndugu zangu wa Dar,

Salamu kutoka Chicago, ambako theluji ikishaanguka, mtu akifukua nafasi ya kuegesha gari kando ya barabara huacha hapo kiti kibovu kuilinda. Jirani akikiondoa, patachimbika! Nasikia nanyi huko hamwishi kulumbana kuhusu ushuru wa maegesho.

Mimi nasema mwenye gari alipe. Gari linaloshinda Kariakoo kutwa limekalia mahali ambapo wateja wengi wangeingia na kutoka. Na asiye na gari, aliyebanwa kwenye daladala, kwa nini kodi yake igharimie maegesho ya mwenzake? Ila kabla ya kubishania kiasi, ulizeni fedha zinaingia mfuko wa nani.

Huku walichelewa kuuliza. Desemba 2008, bajeti ya jiji ikiwa na pengo kubwa, Meya Richard M. Daley aliwapelekea madiwani mkataba wa kukodisha mita za maegesho zipatazo 36,000 kwa wawekezaji walioongozwa na benki ya Morgan Stanley. Muda: miaka 75. Malipo: takriban dola bilioni 1.15, mkupuo mmoja. Madiwani walipewa siku chache tu. 40 wakaafiki, watano wakakataa. Mwaka uliofuata, mkaguzi mkuu wa jiji akakadiria kwamba mita zile zilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni moja zaidi. Fedha nyingi zikaliwa ndani ya miaka michache kuziba mapengo ya bajeti.

Bei nayo ikapaa. Katikati ya jiji, saa moja iliyokuwa dola 3 ikafika dola 6.50 mwaka 2013. Bei kali siilaumu, maana hupunguza msongamano. Kinachouma ni kwamba faida inakwenda kwa wawekezaji, na jiji likifunga mtaa kwa tamasha au likiondoa mita ili lipitishe njia ya mabasi, linaweza kudaiwa fidia. Mkataba utaisha miaka ya 2080, wengi wa walioupitisha wakiwa kaburini.

Kwa hiyo, mkikutana na diwani wenu msimwombe maegesho ya bure. Mdaini hesabu: mtaani kwetu zimekusanywa ngapi, na zimejenga mtaro upi? Na siku akija na mwekezaji mwenye hundi nene, mwambieni auweke mkataba wote mezani, awape na muda wa kuusoma.

Wenu wa ughaibuni.