Futari ya Saa Tatu na Nusu

Kwetu Tanga jua halina mizungu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro. Muadhini akianza, watoto huitwa ndani na taa huwashwa. Kwa hiyo wenyeji wangu wa Stuttgart waliponiambia kwamba kwao chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, nilifurahi. Angalau hilo nalijua, nikajisemea.

Ilikuwa Oktoba 2014. Nilikwenda kusomea kilimo Chuo Kikuu cha Hohenheim, chuo kilichoanzishwa 1818 kwa sababu ya njaa iliyolikumba eneo lile miaka miwili kabla, na familia ile ilinipa chumba cha darini Plieningen, jirani kabisa na chuo. Baba, mama, kijana wao wa miaka 14, na bibi mzaa baba aliyekaa chumba cha chini. Saa kumi na mbili ilipogonga, mezani palikuwa na mkate mweusi, siagi, jibini, matango ya siki na soseji. Basi. Chakula cha moto kila mtu alikuwa amekwisha kula mchana, kazini au shuleni. Soseji zilikuwa za nguruwe, nikazisogeza taratibu upande wa kijana, naye hakulalamika. Usiku niliota wali wa nazi.

Kilichonifungulia njia nyumba ile kilikuwa ufagio. Waswabia, wenyeji wa eneo la Stuttgart, wana desturi ya zamu ya usafi: Jumamosi ngazi na njia ya mbele ya nyumba sharti zifagiliwe, na majirani wanaangalia. Msimamizi alikuwa bibi. Mimi niliyelelewa kwa kufagia uwanja kila alfajiri kabla ya shule, ufagio niliuchukua bila kutumwa. Bibi alinitazama dirishani, akatoka, akanionyesha kwa kidole namna ya kuingia kwenye pembe. Tangu hapo akawa ananisemesha, tena kwa lafudhi ya kwao ambayo Kijerumani changu cha darasani hakikuifikia hata nusu.

Jua nalo likaanza vituko vyake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zilirudishwa nyuma, na kufika Desemba magharibi iliingia saa kumi na nusu. Naiswali chuoni, kisha narudi nyumbani gizani kula mkate. Machi saa zikasogezwa mbele. Mchana ukarefuka, ukazidi kurefuka, hadi Juni jua likawa linazama saa tatu na nusu usiku. Na Ramadhani ya 2015 ikaanza tarehe 18 Juni. Kwetu funga ni saa kumi na tatu na ushee. Kule ilikuwa kumi na nane hivi.

Niliwaeleza mapema. Baba akauliza kama hata maji hayaruhusiwi, swali ambalo kila mfungaji wa Ulaya amelijibu mpaka ulimi umechoka. Mama alihofia afya yangu. Bibi akawanyamazisha wote: baada ya vita, alisema, sisi tulifunga bila kuulizwa.

Shida yenyewe ilikuwa jiko. Mama hulifuta baada ya chakula likang'aa, na saa nne usiku Wajerumani wanataka kimya. Tukakubaliana nikaange saa mbili na nusu, nisafishe mwenyewe. Vitu havikuwa shida. Tangu mkataba wa 1961 uliowaleta vibarua wa Kituruki, tende na nyama ya halali hazitafutwi Stuttgart. Tui la kopo nililipata duka la Waasia. Lakini hebu fikiria: watu wamekula mkate wa baridi tangu saa kumi na mbili, halafu saa mbili na nusu harufu ya sambusa na kaimati inapanda ngazi! Kijana alikuwa wa kwanza kushuka. Mama akafuata, eti kuangalia kama nimefungua dirisha. Baba alishikilia saa yake, ila mkate wake ukawa unapungua vipande kila jioni, na saa tatu na nusu akawa na kiu inayompitisha jikoni.

Nilipofunga tena, Juni 2016, soseji zilizoletwa mezani kwa ajili yangu zilikuwa za bata mzinga, na kwenye friji kalenda ya msikiti aliyoiomba mama kwa mchinjaji Mturuki ilining'inia kando ya ratiba ya gari la taka. Bibi peke yake ndiye hakubadili kitu: anakula saa kumi na mbili, saa mbili amelala. Sambusa zake tatu nilimfunikia kwenye sahani. Asubuhi akifunua akakuta mbili, hakuniuliza mimi. Alisimama chini ya ngazi akamwita mjukuu wake.